Zile meli zilizopangwa mtoni si dalili ya vita

Picha hii ya setilaiti huibuka tena na tena kwenye magrupu: meli za kijivu zimebanana ubavu kwa ubavu, na maneno kwamba Marekani inakusanya manowari, vita vimekaribia. Meli ni za kweli. Maelezo ndiyo yenye kasoro.

Hapo ni Mto James, jimbo la Virginia, panapohifadhiwa meli za akiba na zilizostaafu tangu 1919. Nyingi ni za mizigo au za kulihudumia jeshi la majini. Mwaka 1950 zilikaribia 800. Sasa zimebaki chache. Miaka hiyo ya 1950 nyingine zilijazwa ngano ya ziada, zikawa maghala yanayoelea!

Kinachochanganya ni ile rangi ya kijivu, tena picha yenyewe haina tarehe. Fungua ramani ya setilaiti kwenye kompyuta, tafuta James River karibu na Newport News, kisha rudi kwenye picha za miaka ya nyuma. Utaona safu imekuwa ikipungua, si kuongezeka. Ukitumiwa tena, tafadhali usiisambaze. Mweleze aliyekutumia, kwa upole.