Breka inakata kila mara? Usikimbilie kubwa zaidi

Kwenye mashine za kusaga pale Unga Limited, Arusha, breka ikikata mara kwa mara fundi huambiwa: "Weka ya 100 A." Kosa. Breka hulinda waya kwanza. Mota ya 22 kW, volti 400, huvuta takriban 42 A. Waya wa shaba wa 16 mm² ndani ya bomba hubeba kama 68 A. Breka ya 63 A inatosha. Ukiweka 100 A, waya unaweza kubeba 90 A ukaungua ganda, breka imetulia tu. Kagua kwanza fezi iliyokatika, beringi iliyokwama, skrubu iliyolegea.

Na kA (kiloampea, yaani mkondo mkubwa wa shoti ambao breka inaweza kuukata salama), ambayo wengi hawaisomi kabisa: transfoma ya 315 kVA yenye impidansi (ukinzani wake wa ndani) ya 4% hutoa takriban 11 kA kwenye shoti. Jirani nayo, breka ya 10 kA inaweza kupasuka. Chukua ya 16 au 25 kA.