Kupanga Kichina, Kijapani na Kikorea kwa programu huria: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Mabondo, yaani vifuko vya hewa, ya sangara wa Ziwa Victoria yanauzwa Hong Kong na China bara. Daraja la Kigongo–Busisi limejengwa na kampuni za Kichina, reli ya SGR ya kwenda Isaka vilevile, na meli ya MV Mwanza mkandarasi wake alitoka Korea Kusini. Kazi za namna hii huja na makaratasi: lebo za maboksi, mabango ya usalama, kadi za biashara, mikataba ya lugha mbili, menyu za hoteli. Makaratasi hayo yanatua mezani kwetu sisi tunaopanga kurasa, na mafundi wa dizaini wa Mwanza tumerithishana maneno mengi kuhusu lugha hizi bila mtu kuyahakiki. Mengine yalikuwa kweli zamani. Mengine hayajawahi kuwa kweli.

"Hizo zote ni herufi za Kichina, fonti yoyote ya Kichina inatosha."

Hapa nitakaa kidogo, maana makosa mengi yanaanzia hapa.

Kikorea kitoe kwanza. Maandishi yake, hanguli, yalibuniwa mwaka 1443 chini ya Mfalme Sejong na kutangazwa 1446. Ni alfabeti kama yetu, yenye herufi 24 za msingi, ila herufi za silabi moja hukusanywa ndani ya mraba mmoja: 한 ni herufi tatu zilizokaa pamoja. Silabi zote zinazoweza kuundwa hivyo ni 11,172, na Yunikodi, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba ya kompyuta, imezipa kila moja namba yake. Kikorea pia huacha nafasi kati ya maneno, kama Kiswahili. Fonti ya Kichina isiyo na silabi hizo itakutolea vijiboksi vitupu tangu neno la kwanza.

Kijapani kinachanganya aina tatu za maandishi katika sentensi moja: hiragana, katakana na kanji, yaani zile zilizotoka China. Serikali ya Japani ina orodha ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010. Ukiona vialama vyepesi vyenye mkunjo kama の katikati ya herufi nzito, mteja wako ni Mjapani. Usimtafutie fonti ya Beijing.

Sasa Kichina chenyewe. China bara wanatumia maandishi yaliyorahisishwa, Hong Kong na Taiwan wanatumia yale ya asili. Chukua lebo ya mabondo. Kwa mnunuzi wa Guangzhou utaandika 鱼胶, kwa mnunuzi wa Hong Kong 魚膠. Hizo ni herufi tofauti zenye namba tofauti katika Yunikodi, na hakuna fonti itakayokubadilishia moja iwe nyingine kwa usahihi. Swali la kumuuliza mteja si "unataka Kichina?" Muulize mzigo unashukia wapi.

Upo mtego mwingine usioonekana kwa haraka. Yunikodi ilipounganisha herufi za asili ya Kichina mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliamua kwamba herufi inayotumika China, Japani na Korea kwa tofauti ndogo tu za umbo itapewa namba moja. Herufi ya mfupa, 骨, ni U+9AA8 kote. Lakini ikuze hadi ijae skrini: kwenye fonti ya China bara, kile kipembe kidogo cha ndani, sehemu ya juu, kimeegemea kushoto, kwenye fonti ya Kijapani kimeegemea kulia. 直 nayo, Kijapani huipa mstari wa kusimama unaokunja kona chini kushoto, China bara hawana kona hiyo. Faili ni ileile, namba ni ileile. Umbo linaamuliwa na fonti uliyochagua na lugha uliyoitaja kwenye programu. Usipoitaja, kompyuta itachagua yenyewe, na Mjapani atasoma ukurasa unaoeleweka lakini wenye maumbo ya kigeni hapa na pale. Hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini.

Dawa yake ni nyepesi. Kwenye orodha ya fonti utakuta Noto Sans CJK (CJK ni kifupi cha Kiingereza cha Kichina, Kijapani na Kikorea) ikifuatiwa na SC, TC, HK, JP au KR: China bara, Taiwan, Hong Kong, Japani, Korea. Chagua ya mteja wako, kisha itaje lugha kwenye aya husika. LibreOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka, ina sehemu yake ya kuwasha lugha za Asia katika mipangilio ya lugha, na ukishaiwasha kila mtindo wa aya unakuwa na fonti mbili, moja ya maandishi yetu na moja ya yale. Ukitumia Typst, programu huria ya kupanga kurasa kwa kuandika amri, unaandika lugha kwa kifupi chake, zh, ja au ko, na ukitaka unaongeza na eneo.

"Bila programu ya kulipia, au iliyokrakiwa, kazi hii haifanyiki."

Hili lilikuwa na ukweli wake enzi hizo. Donald Knuth alitoa TeX, programu ya kupanga kurasa kwa amri, mwaka 1978, na ilikuwa huru tangu mwanzo, lakini fonti zake hazikuweza kubeba zaidi ya herufi 256. Kwa Kiswahili nafasi inabaki. Kwa Kichina huanzi hata ukurasa. Wajapani hawakukaa kusubiri: mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya ASCII ya huko ilitengeneza TeX ya Kijapani, iliyokuja kuwa pTeX yenye uwezo wa kupanga hata kwa wima. Werner Lemberg naye alitengeneza kifurushi cha CJK, kilichokuwa kinaikata fonti moja kubwa kuwa vifonti vingi vya herufi 256 na kuvishona pamoja. Ilifanya kazi, ila kuifunga ilikuwa shughuli pevu.

Mambo yalibadilika mwaka 2004, Jonathan Kew alipotoa XeTeX, inayosoma Yunikodi na fonti zilizomo kwenye kompyuta moja kwa moja. Leo ukiweka kwenye kompyuta TeX Live kamili, yaani mkusanyiko wa TeX na vifurushi vyake, unapata xeCJK na ctex kwa Kichina, LuaTeX-ja kwa Kijapani na ko.TeX kwa Kikorea, bila kulipa senti. Asiyetaka kuandika amri ana LibreOffice kwa barua na mikataba, Scribus kwa vipeperushi na Inkscape kwa lebo.

Fonti ndizo zilizokuwa ghali kweli, maana kuchora herufi maelfu ni kazi ya miaka. Mwaka 2014 Adobe na Google walitoa kwa pamoja fonti moja yenye majina mawili: Adobe wanaiita Source Han Sans, Google wanaiita Noto Sans CJK. Ina maumbo 65,535, ambao ndio mwisho wa uwezo wa faili moja ya fonti ya OpenType, na uzito saba kuanzia mwembamba hadi mnene. Ya Hong Kong iliongezwa mwaka 2018, na ndugu yao mwenye vikia kwenye ncha za mistari, Source Han Serif, alitoka 2017. Leseni yao inakuruhusu kuchapa, kupachika kwenye PDF na kuuza lebo zako. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti peke yake.

Kwa hiyo anayekwambia anatumia programu iliyokrakiwa "kwa sababu ya Kichina" ana sababu nyingine.

"Fonti hizo ni nzito, bora skrinishoti ya tafsiri tu."

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu matokeo yake yanaonekana kila mahali. Fundi anapokea maneno kwenye WhatsApp, anapiga picha ya skrini, anaibandika kwenye bango la mita mbili. Kwenye simu ilikuwa safi. Kwenye bango, herufi yenye mistari kumi na tano inageuka doa jeusi.

Ni kweli faili ya fonti yenyewe ni kubwa, megabaiti zaidi ya kumi kwa kila uzito. Lakini PDF haibebi fonti nzima. XeTeX, LuaTeX (TeX nyingine ya kisasa), LibreOffice na Typst zote hupachika maumbo yaliyotumika tu: lebo yenye herufi 40 inabeba 40. Na kupachika huko ndiko kunakomaliza tatizo la vijiboksi kwenye kompyuta ya kiwandani. Vijiboksi hutokea unapopeleka faili ya kuhaririwa kwenye mashine isiyo na fonti yako. Peleka PDF. Kabla ya kuipeleka, ifungue, nenda kwenye sifa za faili, tazama orodha ya fonti. Kila moja iwe imeandikwa kuwa imepachikwa. Kisha nakili mstari mmoja wa Kichina ukaubandike kwenye barua pepe. Ukitoka vilevile, ni maandishi halisi, na mteja ataweza kuyatafuta ndani ya mkataba wenye kurasa themanini.

Mteja akileta picha, mwombe akutumie maneno yenyewe. Hakasiriki. Wengi wao wanayo tayari.

"Kichina hakina nafasi kati ya maneno, kwa hiyo mstari unaukata popote."

Karibu popote, na hapo kwenye "karibu" ndipo kazi ilipo. Kichina na Kijapani huweza kukatwa kati ya herufi na herufi, lakini kuna alama zisizoruhusiwa kuanza mstari: nukta 。, mkato 、, mabano ya kufunga. Na kuna zisizoruhusiwa kuumaliza: mabano ya kufungua, alama ya kuanza nukuu. Wajapani wanauita utaratibu huu kinsoku. Nukta iliyoanguka peke yake mwanzoni mwa mstari inamuumiza msomaji wao kama ambavyo wewe ungeumia kuona mkato wa Kiswahili ukianza mstari.

Programu nzuri inafanya zaidi ya kuzuia. Kila herufi inakaa kwenye mraba sawa na mwenzake, na nukta nayo ina mraba mzima ingawa nusu yake ni tupu. Alama mbili zikifuatana, mfano ）。, uwazi kati yao unakuwa mkubwa kupita kiasi, kwa hiyo xeCJK na LuaTeX-ja huubana. Kwenye LibreOffice tazama mipangilio ya aya, sehemu ya tapografia ya Asia: kuna kisanduku cha orodha ya alama zilizokatazwa, na kingine cha kuweka nafasi kati ya maandishi ya Asia na yasiyo ya Asia. Viache vimewashwa vyote.

Kisanduku hicho cha pili kina maana sana huku kwetu, kwa sababu nyaraka zetu zinachanganya. Jina la kampuni ya Nyakato, hapa Mwanza, katikati ya sentensi ya Kichina linahitaji upenyo mdogo kila upande. LuaTeX-ja huuweka yenyewe, takribani robo ya upana wa herufi. Usiuweke kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, na usipenyeze nafasi kati ya herufi za Kichina ili "mstari ujae". Angalia pia tarakimu. Kibodi ya Kichina inaweza kutoa １２３ badala ya 123, na namba ya simu iliyoandikwa kwa zile pana inatapakaa lebo nzima. Tarakimu na herufi zetu zipewe fonti yetu.

Kikorea, kwa kuwa kina nafasi, usikibebe kwa kanuni hizi bila kufikiri. Nafasi zake ziheshimu kama unavyoheshimu za Kiswahili. W3C, shirika la viwango vya wavuti, wameweka mtandaoni, bure, miongozo mitatu ya upangaji wa lugha hizi, na ule wa Kijapani ndio uliochimba zaidi.

Yale ya kuandika kutoka juu kwenda chini nitayapitia haraka. Wima upo hai, riwaya za Kijapani bado zinachapwa hivyo, lakini China bara na Korea maandishi ya kila siku ni ya mlalo, na nyaraka za kibiashara kwa kawaida ni za mlalo. Mteja hajaomba wima? Usimpe kwa kudhani ndiyo heshima. Akiomba, tumia programu inayojua wima, maana mabano na alama kadhaa hubadilika umbo au kugeuka. Kuzungusha boksi la maandishi digrii 90 si wima.

Italiki nayo iache kabisa. Fonti hizi hazina italiki, kwa hiyo programu inalaza herufi kwa nguvu na zinaonekana kama zimesukumwa na upepo. Wachina husisitiza kwa kubadili aina ya fonti au kuongeza uzito, Wajapani wakati mwingine huweka vinukta juu ya herufi. Na wino mzito, chagua uzito halisi kutoka kwenye familia ya fonti, si kile kitufe cha kunenepesha, ambacho huziba matundu ya herufi zenye mistari mingi.

"Programu ikikubali bila kulalamika, maneno yako sawa."

Programu inajua umbo. Haijui kama umeandika "usivute sigara" au "vuta sigara". Lebo iliyopangwa kwa ustadi wote huu, maneno yake yakiwa yametoka kwenye tafsiri ya simu, bado inaweza kumwaibisha mteja mbele ya mnunuzi wake. Anayesoma lugha hiyo lazima aione nakala ya mwisho, ile PDF yenyewe na si maneno yaliyo kwenye WhatsApp, kwa sababu maumbo ya 骨 na 直 na mistari iliyokatwa vibaya vinaonekana hapo tu. Mara nyingi mtu huyo yuko upande wa mteja: karani wa mradi, mkalimani wa kampuni, kijana aliyesoma huko akarudi. Mpelekee, asome, asaini kwenye karatasi kabla pleti za kuchapia hazijatengenezwa. Kama hayuko na itabidi umtafute na kumlipa, gharama yake iingie kwenye ankara kwenye mstari wake, chini ya karatasi na wino.