HBO haikuzaliwa angani

Wengi huamini kwamba HBO, chaneli ya filamu za kulipia ya Marekani, ilianza kwa setilaiti. Sivyo. Ilianza usiku wa tarehe 8 Novemba 1972 mjini Wilkes-Barre, Pennsylvania, ikiwa na wateja 365. Matangazo yalitoka New York yakipokezanwa na minara ya maikrowevu, yaani mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka mnara hadi mnara, kisha yakaingia majumbani kwa waya. Tena, walichoanza kuona hakikuwa filamu bali mechi ya hoki ya barafu, filamu ikafuata.

Wala HBO haikubuni kulipia filamu sebuleni. Mwaka 1951 kampuni ya Zenith ilifanya majaribio kwa familia 300 za Chicago, dola moja kwa kila filamu.

Setilaiti ilikuja tarehe 30 Septemba 1975, kwa pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier huko Manila. Utasikia kwamba lilipitia setilaiti ya Satcom 1. Haiwezekani, kwa sababu Satcom 1 ilipelekwa angani Desemba ya mwaka huo. HBO ilitumia Westar 1, ikahamia Satcom 1 mwaka 1976.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi inatokana na mazoea yetu ya dishi juu ya bati na kisimbuzi chini ya runinga: kwamba wateja wa wakati ule nao walikuwa na madishi. Dishi la siku hizo lilikuwa na upana wa kama mita 10, na mwenye nalo alikuwa kampuni ya kebo. Mteja aliona waya tu. Faida kubwa ilikuwa kwamba mji wowote wenye dishi moja sasa ulipata chaneli bila kungoja minara ijengwe kilima hadi kilima. Ndiyo maana pambano lile lilifika Florida na Mississippi, mbali kabisa na New York.

Baadaye watu walinunua madishi yao na kutazama bure, kwani matangazo hayakuwa yamefungwa kwa msimbo. HBO iliyafunga Januari 1986. Tarehe 27 Aprili, mtu aliyejiita Captain Midnight aliingiza ujumbe hewani kupinga ada ya dola 12.95 kwa mwezi. Husimuliwa kwamba alidukua setilaiti. Hakudukua chochote: alikuwa zamu kwenye kituo cha kurushia matangazo huko Ocala, Florida, akaelekeza mawimbi yenye nguvu kuliko ya HBO, nayo setilaiti ikayarudisha duniani kwa takriban dakika nne na nusu. Alitozwa faini ya dola 5,000.