Pasi ya Mwaka Haikulazimishi Kukaa Mpaka Fataki

"Pasi tumeilipia, kwa hiyo lazima tukae kutwa nzima."

Maneno haya nimeyachoka. Kazi yangu ni kuzipangia familia safari za Walt Disney World, bustani za michezo zilizoko Florida, na wateja wangu wengi ni wazazi wanaozungumza Kiswahili waliohamia jimbo hili. Wana mtoto wa miaka minne, mwingine wa mwaka na nusu, na pasi ya mwaka waliyoinunua kwa kujinyima. Jumapili jioni simu inalia. Mkubwa amejigaragaza chini mbele za watu, mdogo hajaacha kulia tangu alasiri, baba na mama wamerudi nyumbani bila kusemezana. Nauliza: mliingia saa ngapi? Saa tatu asubuhi, lango linapofunguliwa. Mkatoka saa ngapi? Baada ya fataki.

Mtoto hakukosea kitu hapo. Walichokosea wazazi ni hesabu.

Mwenye tiketi ya siku moja ana haki ya kung'ang'ania. Tiketi ya mtu mmoja inazidi dola 100 na siku ikiisha imeisha. Pasi ya mwaka ni jambo jingine kabisa. Pesa umekwisha kuitoa. Ukikaa saa mbili au saa kumi na mbili, hakuna senti inayoongezeka wala kurudi. Kinachoipa pasi thamani ni kurudi mara nyingi, na familia iliyochakazwa na siku moja ndefu hairudi. Nimeona pasi ngapi zikilala mpaka zinaisha muda kwa sababu safari ya pili iliwatoa watu roho! Hao ndio waliopata hasara. Yule anayeingia saa tatu na kutoka saa sita, kisha akarudi wiki mbili baadaye mtoto akiwa anaruka kwa furaha, ndiye aliyefaidi.

Halafu kuna usingizi, ambao wazazi wengi wanauchukulia kama jambo la kuahirishwa. Madaktari wa usingizi wa Marekani wanashauri mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, na wa miaka mitatu hadi mitano saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo ndani ya hesabu. Sasa mchukue huyo wa mwaka na nusu: ameamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri ili muwahi lango, mchana amesinzia nusu saa ndani ya kigari huku ngoma zikipita kando yake, usiku amefika kitandani saa tano. Mnamdai mtoto usingizi mwingi kiasi hicho halafu mnamwita mtukutu?

Ninachowaambia wateja ni hiki, na sitachoka kukirudia: muda wa saa tatu, basi. Ukiwa na watoto walio chini ya miaka mitano, saa tatu ndani ya lango zinatosha. Chagua kipande kimoja cha siku. Ama ingia lango linapofunguliwa na utoke kabla ya chakula cha mchana, ama mwache mtoto alale nyumbani na mwingie alasiri. Kipande cha alasiri kina faida ambayo wengi hawaijui. Siku nyingi wenye pasi hutakiwa kuweka nafasi mapema, lakini ukiingia baada ya saa nane mchana huhitaji nafasi, isipokuwa bustani ya Magic Kingdom Jumamosi na Jumapili. Angalia tu kwamba tarehe hiyo haijafungwa kwa aina ya pasi uliyo nayo.

Halafu chagua bustani kwa akili. Kila mtu anakimbilia Magic Kingdom, na kwa ziara fupi ndiyo ngumu kuliko zote. Ukiegesha gari, bado hujafika: unatakiwa kupanda treni ya juu au feri kuvuka ziwa, na wakati wa kurudi vivyo hivyo ukiwa na mtoto aliyelala begani. Kama ni lazima iwe Magic Kingdom, jua kwamba kwenye feri kigari kinaingia bila kukunjwa. EPCOT na Animal Kingdom zina maegesho mbele ya lango lenyewe. Mambo yakiharibika mnarudi garini upesi. EPCOT ina tangi la samaki la lita zipatazo milioni 22, na mtoto wa miaka miwili anaweza kusimama mbele ya kioo kile mpaka wewe mwenyewe uchoke. Humo ndani kuna ubaridi, hakuna foleni ndefu, hakuna kelele. Kwa wenye watoto wachanga, mimi hupendekeza hapo kabla ya popote.

Animal Kingdom ni ya asubuhi, jua likiwa bado changa na wanyama wakiwa wanatembea. Na hapo nina sababu ya moyoni. Sehemu yake ya Afrika ni mji wa kubuni uitwao Harambe, uliojengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu, Lamu hasa. Utaona vibao vya Kiswahili ukutani, kibanda kinaitwa Tamu Tamu, wahudumu wanakusalimu "Jambo". Watoto waliozaliwa Orlando au Tampa, ambao Kiswahili wanakisikia nyumbani peke yake, wanashangaa kukikuta nje. Waombeni wawasomee vibao. Safari ya Kilimanjaro Safaris yenyewe haina kipimo cha urefu, inachukua dakika kama 20, na kichanga anaruhusiwa kupakatwa. Safari hiyo, sokwe, kitafunwa, nyumbani. Siku imekamilika.

Fataki je? Mtoto wa miaka miwili hamumtendei haki kwa kumsimamisha usiku katikati ya msongamano ili asikie mshindo unaomfanya azibe masikio. Kama roho yako haitulii bila fataki, ziandalie jioni yake: mtoto alale mchana, muingie baada ya magharibi, avae vizibo vya masikio vya watoto, msimame nyuma karibu na njia ya kutokea. Pasi unayo, jioni nyingine zipo.

Dhana nyingine ninazozisikia kwa wateja nitazipitia haraka, isipokuwa moja.

"Mwenye pasi hapangi foleni." Anapanga kama wengine. Njia ya mkato, Lightning Lane, inauzwa mbali kwa kila mtu kwa kila siku, nayo haimo ndani ya pasi. Kwa watoto wadogo siishauri hata kidogo, kwa sababu ukifika asubuhi michezo yao mingi ina foleni inayovumilika.

"Pasi ya mtoto ni nafuu." Tiketi ya siku ya mtoto wa miaka mitatu hadi tisa hupungua kidogo, pasi ya mwaka haina bei ya mtoto. Kuanzia miaka mitatu analipiwa sawa na babake. Aliye chini ya miaka mitatu haingii kwenye hesabu kabisa, hana tiketi wala pasi, anaingia bure. Ndiyo maana nawaambia wenye mtoto wa mwaka mmoja: huu ndio wakati wenu. Na wanaoniambia kwamba mtoto huyo "hatakumbuka kitu", basi wajue hajawagharimu kiingilio.

"Mama akija kutoka Mombasa atatumia pasi yangu." Hatatumia. Pasi ina jina la mtu, na langoni mtu huhakikiwa kwa alama ya kidole. Wala mgeni hawezi kununua pasi za bei nafuu za wakazi wa Florida. Hizo zinadai uthibitisho wa makazi, kama leseni ya udereva ya jimbo. Bibi anunuliwe tiketi ya kawaida, na siku hiyo, kwa ajili yake, panueni ratiba kidogo.

"Pasi ya bei ya chini inatosha." Pixie Dust ndiyo ya chini kuliko zote, na inafungwa mwisho wa wiki na kwenye vipindi vya sikukuu. Mtoto akiwa bado hajaanza shule na mzazi mmoja ana siku za kazi zilizo huru, hakuna pasi inayoizidi. Ila siku atakapoanza shule, siku nyingi mtakazokuwa huru ndizo siku ambazo lango limefungwa kwenu. Nunueni kwa kuangalia mwaka unaokuja.

"Chakula lazima ununue ndani." Hapana! Mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu, mradi si cha kupashwa moto, si pombe, na si kwenye chupa za kioo; vichupa vya chakula cha mtoto vinakubaliwa. Chapati, mayai ya kuchemsha, maembe yaliyokatwa, vyote vinapita. Maji baridi hutolewa bure kwenye vibanda vya chakula, uliza tu. Kila bustani kati ya nne za Walt Disney World ina kituo cha watoto wachanga chenye viti vya kunyonyeshea, meza za kubadilishia nepi na mahali pa kupasha chakula cha mtoto. Mama wengi wananyonyesha wakiwa wamebanwa chooni kwa kutojua kwamba kituo hicho kipo.

Sasa ile moja isiyo ya haraka: "Sisi watu wa pwani tumezoea jua." Wewe labda. Mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba yenye kiyoyozi hajazoea chochote. Kiangazi cha Florida kina joto na unyevunyevu pamoja, jasho halikauki mwilini, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Ngozi nyeusi nayo inaungua. Mtoto aliyefikisha miezi sita apakwe mafuta ya kinga ya jua, SPF 30 au zaidi, na arudiwe kila baada ya saa mbili. Aliye chini ya umri huo dawa yake ni kivuli. Asipewe maji, anyonyeshwe au apewe maziwa yake mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Kuanzia Juni hadi Septemba tarajieni ngurumo za alasiri, na radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa. Katika miezi hiyo mimi husema asubuhi tu.

Na kanga! Naipenda kanga na kila mteja namwambia abebe mbili: ya kujifunika wakati wa kunyonyesha, ya kumbebea mtoto, ya kutandika chini. Lakini nikiona kigari kilichofunikwa gubigubi kwa kanga "mtoto apate kivuli", nasimama na kumwomba mama aifunue, hata kama simjui. Kitambaa hata kikiwa chepesi huzuia hewa, joto la ndani linapanda kupita la nje, na wewe huuoni uso wa mtoto. Tumia kofia ya kigari chenyewe, acha mbele wazi, na kila baada ya muda mguse shingoni. Akiwa na joto jingi na mlegevu, ingia ndani penye kiyoyozi mara moja. Wahudumu wa huduma ya kwanza wapo kila bustani.

Kigari chenyewe kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132. Mikokoteni ya kukokota watoto ilipigwa marufuku Mei 2019, msibebe.

"Ana miaka minne, atapanda tu." Hawaangalii umri, wanapima urefu. Mchezo wa Barnstormer unataka sentimita 89, Seven Dwarfs Mine Train 97, Space Mountain 112, TRON 122. Mpimeni nyumbani na mumwambie ukweli kabla hajafika mlangoni. Msimvalishe viatu vya soli nene kumdanganyia mhudumu. Kile kizuizi cha kiti kimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani, na mwana ni wako.

Wala hakuna haja ya mzazi mmoja kukosa mchezo kwa sababu ya mtoto mfupi. Mkifika mlangoni semeni mnataka Rider Switch. Mmoja anapanga foleni na kupanda, mwenzake anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana na wa pili hapangi foleni upya. Ni bure. Wengi wenye pasi kwa miaka hawajawahi kuitumia kwa sababu hawakuuliza.

La mwisho ni "mtoto wangu haniachi". Anakuacha. Asubuhi kabla ya kuingia, mpige picha akiwa na nguo za siku hiyo, mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika, na mwonyeshe beji ya jina anayovaa kila mhudumu kifuani. Mwambie akipotea asimame, amtafute mwenye beji kama hiyo. Mtoto wa miaka mitatu analielewa hilo vizuri akionyeshwa beji yenyewe, kwa hiyo msimame na mhudumu wa kwanza mtakayemkuta langoni mumwonyeshe.