Umeshanunua nyasi? Ngoja kwanza

Simu iliingia Jumanne asubuhi nikiwa nimeshika grainda. "Fundi, nimehamia nyumba hapa Kisumu, huku Milimani, ina balkoni inatazama ziwa. Nataka unitengenezee pa kukaa jioni. Nyasi nimeshanunua."

Nyasi ameshanunua.

Nilizima grainda nikakaa juu ya ndoo. Nimeacha kuhesabu wateja wanaonipokea mlangoni na zulia la nyasi za plastiki limekunjwa kama mkeka wa mgeni. Sijui nani aliwaambia watu kwamba balkoni hutengenezwa hivi: tandaza nyasi bandia, ning'iniza taa za kamba, weka viti viwili, piga picha. Miezi miwili baadaye viti vimerudi sebuleni, nyasi zinanuka, na balkoni imekuwa makao ya mopu na ndoo. Halafu lawama zote zinaangukia ukubwa: "Ni kadogo sana." Nimetengeneza balkoni za mita 1.2 kwa 2.5 ambazo watu hunywea chai kila siku, na nimeona kubwa mara mbili ambazo hata paka hakai. Nimechoka kueleza kwa simu, kwa hiyo naandika hapa, na atakayenipigia tena nitamtumia hii.

Tuanze na sakafu, maana ndiyo inayoniudhi.

Sakafu ya balkoni yako ni paa. Inanyeshewa. Chini yake kuna jirani, au kuna balkoni ya jirani, na maji yakikosa pa kwenda yatamtembelea yeye. Ndiyo sababu sakafu hiyo ililazwa na mwinamo, sentimita moja au mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la maji pembeni. Angalau ilitakiwa kulazwa hivyo. Kabla sijapima chochote mimi humwaga ndoo ya maji na kusimama kutazama. Maji yakikimbilia tundu, vizuri. Yakikimbilia mlango wa sebule, basi tuna mazungumzo mengine na mwenye nyumba, na nyasi zako zirudi dukani.

Sasa sikiliza jambo ambalo video hazisemi. Balkoni nyingi za ghorofa zetu ni slabu, yaani bamba la zege, iliyochomoza ukutani bila nguzo mbele. Slabu ya aina hiyo huvutika upande wa juu, kwa hiyo vyuma vinavyoibeba hulazwa karibu na uso wa juu. Chumbani ni kinyume: katikati ya chumba vyuma vikuu viko chini. Maana yake ni kwamba kati ya maji yanayotuama kwenye balkoni yako na vyuma vinavyoizuia isianguke kuna taili, simiti ya kulazia taili na sentimita chache za zege. Basi. Chuma kikishika kutu huvimba, na zege halijui kuvimba, linapasuka. Ufa unaingiza maji zaidi, kutu inaongezeka.

Halafu wewe unakuja na zulia linaloshika maji kwa chini, unafunika sakafu yote, tundu la maji likiwemo, na unaliacha msimu mzima wa mvua za Machi hadi Mei. Jua likitoka juu panakauka, chini panabaki kama kinamasi cha Dunga. Ukiinua kona mwezi wa Juni utakutana na vitu ambavyo hukuvialika. Na mchana wa jua kali usijaribu kukanyaga peku: nyasi za Mungu hupoa kwa sababu majani yake hutoa maji, plastiki haitoi kitu, inakusanya joto tu na kukungoja.

Siandiki haya kama malaika. Miaka yangu ya mwanzo nilitoboa sakafu ya balkoni moja hapa mjini nisimamishe nguzo ya kivuli. Skrubu nne, kazi safi, nikalipwa. Mvua ya pili mama wa ghorofa ya chini akapanda juu na picha ya dari yake kwenye simu. Rangi, kazi ya kuziba, na aibu, vyote nililipa mimi. Tangu hapo siweki drili kwenye sakafu ya balkoni, hata mteja akiniita mwoga. Nafunga ukutani, au nafunga kwenye reli kwa klampu.

Ukitaka sakafu ipendeze, nakutengenezea vibao: mbao za saiprasi zilizotiwa dawa, nafasi ya sentimita moja kati ya ubao na ubao, zimepigiliwa juu ya fito zinazofuata mwelekeo wa maji. Nakata vipande vya sentimita 60 kwa 60 ili uviinue mwenyewe Jumamosi ufagie chini. Na tafadhali usimruhusu fundi yeyote azipake oili chafu ya gari. Huko kwenye nguzo za ua sawa, lakini hapa utakaa na harufu, na soksi zako zitakuwa nyeusi.

Jua. Hapa ndipo watu huniletea elimu ya Uingereza. "Fundi, nimesoma balkoni ya kusini ndiyo bora." Kwao, ndiyo. Jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo tu. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki linapita kusini. Na hata likilala zaidi, mwezi wa Juni au Desemba, halilali sana: kama nyuzi 23 tu kutoka utosini. Kwa hiyo balkoni ya kaskazini au kusini yenye kina cha mita 1.2 na slabu ya jirani juu yake hukaa kivulini mchana nusu ya mwaka, na miezi mingine jua la mchana huangukia sakafu yake tu, halifiki mbali sebuleni. Balkoni hizo ni baridi, na watu huzidharau bure. Mimi ningekodi nyumba yenye balkoni hizo kabla ya nyingine zote.

Ya mashariki ina jua la asubuhi, linakausha nguo na kuondoka. Ya magharibi ndiyo kesi. Ziwa letu liko magharibi ya mji, na kila mtu anataka kuona ziwa, na kodi inapanda kwa sababu ya ziwa. Sawa, lakini aliyelipia ziwa amelipia na jua la saa kumi. Saa ya ukutani ikisema saa sita kamili, hapa Kisumu jua bado halijafika katikati. Linafika kama saa sita unusu au saa saba kasoro, na kuzama ni baada ya saa kumi na mbili unusu. Kwa hiyo saa kumi jioni jua bado liko juu vya kutosha kukuunguza, na limeinama vya kutosha kupita chini ya slabu na kuingia hadi kwenye kochi la sebuleni. Mwavuli haukusaidii kwa jua linalokuja usoni. Kivuli lazima kishuke wima kama pazia, na kining'inie ukingo wa nje. Ukikiweka karibu na mlango umekinga sebule tu, na balkoni yenyewe inabaki tanuri.

Huwa nafunga pazia la kukunja: linashuka saa tisa, linapanda saa kumi na moja unusu ili mwenye nyumba aone ziwa lake alilolilipia. Turubai zito sipendi. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na turubai lililokazwa huwa tanga la jahazi. Litang'oa ndoano siku moja na kumtembelea mtu barabarani. Wavu wa kivuli, ule wa vitalu vya miche, hupitisha upepo na hudumu, ila ni mbaya kwa macho. Mkeka wa mafunjo ni mzuri kwa macho na mvua inaumaliza upesi. Nimebadilisha mawazo juu ya hili mara nne na sitashangaa nikibadilisha tena. Kwa chini, lolote kati ya hayo nalifunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu, kama ya kufungia mizigo ya bodaboda, ili upepo ukija pazia linyumbuke badala ya kuraruka.

Jambo lingine linalonikwaza ni wadudu wa ziwani. Mgeni wa Kisumu huona kama moshi unaelea juu ya maji, kumbe ni wao, na jioni wakifuata taa yako chai inakuwa supu. Wavu laini unawazuia, lakini wavu laini unazuia na upepo, na bila upepo kwa nini ukae nje? Nimefunga wavu kwa wateja wakanishukuru; wengine wameniita niutoe. Siku hizi naanza na taa: ya manjano, hafifu, iliyowekwa chini ya kiwango cha meza, na taa nyeupe ya sebuleni izimwe au pazia lake lifungwe. Taa ya manjano huvutia wadudu wachache kuliko nyeupe. Wachache, sikusema hakuna.

Nguo! Umewahi kuona zile picha za balkoni za mtandaoni? Mito, mishumaa, kitabu kimefunguliwa. Hakuna hata soksi moja. Wale watu hufua wapi? Kwetu balkoni ni ya kuanika kwanza, mengine baadaye, na mpango usiokubali hilo utavunjwa na shuka la kwanza lenye maji. Nafunga fremu ya kamba kwenye kapi, juu karibu na dari: unashusha, unaanika, unavuta juu, unakaa chini yake. Ndoano ziingie kwenye ukuta au boriti, maana nguo zilizolowa ni nzito. Usianike nje ya reli; jirani wa chini naye ana nguo.

Mboga. Sukuma wiki, kunde, managu, dania, hizi za majani huvumilia jua la nusu siku. Nyanya na pilipili zinataka jua la kutosha, na ukizipanda kwenye kona ya nyuma zitarefuka kama twiga bila tunda. Hapa kuna ugomvi ambao sijaumaliza: mmea unataka ukingoni kwenye mwanga, slabu inataka uzito ukae karibu na ukuta. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa inapita kilo 30. Panga kumi kwenye reli, umeweka zaidi ya kilo 300 kwenye ncha ya slabu ambayo mimi na wewe hatujaona vyuma vyake vikilazwa. Labda inabeba bila shida. Mimi siwezi kukuapia kwa kuitazama tu, na fundi anayeweza kuapa simwamini. Kwa hiyo naweka masanduku machache yenye kina cha sentimita 20, na udongo nauchanganya na samadi na maganda ya mpunga kutoka Ahero ili uwe mwepesi.

Mengine haraka haraka. Benchi lisikae kwenye reli kama una watoto: reli ya mita 1.1 ukitoa benchi la sentimita 45 inabaki 65, na mtoto wa miaka mitatu anajua hesabu hiyo kuliko wewe. Benchi liende ukutani, liwe sanduku lenye kifuniko. Meza iwe ya kukunja, sentimita 35 zinatosha vikombe na sahani. Angalia mlango unafungukia wapi kabla ya kununua kiti. Mtungi wa gesi ukikaa balkoni ni vizuri, ila ukishaziba balkoni kwa vioo au plastiki uutoe, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni. Jiko la makaa lisiingizwe kabisa mahali palipozibwa. Ukiwa mpangaji, kila kitu kifunguke kwa bisibisi siku ya kuhama, na mwenye nyumba aulizwe kabla, sio baada.

Mliouliza kuhusu Nakuru: geuzeni nusu ya niliyosema. Mko kama mita 700 juu yetu, jioni yenu ni baridi na vumbi lenu ni la kweli. Huko jua la saa kumi ni rafiki, na pesa ya kivuli iwekeni kwenye kizuizi cha upepo.

Yule dada wa Milimani nilikwenda kumwona Alhamisi. Nilimwaga ndoo, maji yakaenda kwenye tundu. Saa kumi tukasimama wote balkoni na jua likamjibu maswali yote kabla sijafungua mdomo. "Kumbe ni hivi kila siku?" Kila siku, dada. Tumekubaliana vibao, pazia la wavu, kamba ya kapi, benchi la ukutani. Nyasi nilimkatia kipande cha mlangoni cha kufutia miguu. Nyingine amempa dadake mwenye kinyozi huko Kondele, ameitundika ukutani, na inapendeza kwa kweli.

Taa za kamba amekataa kuziachilia. Nimemwambia sawa, lakini za manjano.