Therac-25: dhana potofu kuhusu programu na maunzi

Dhana: Programu iliyotumika miaka mingi bila kumdhuru mtu imekwisha kuthibitishwa.

Ukweli: Sehemu za programu ya Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi ya kampuni ya AECL ya Kanada, zilitoka kwenye Therac-20, ambayo ilikuwa na vizuizi vyake vya umeme na vya kimakanika vya kuzuia mionzi isitoke pale vifaa vilipokuwa havijakaa sawasawa. Katika mashine mpya vizuizi hivyo viliondolewa, na ulinzi ukaachiwa programu. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa na mionzi kupita kiasi, wakiwamo waliofariki. Baadaye ilibainika kwamba mojawapo ya makosa yaliyowaumiza lilikuwamo hata katika Therac-20. Huko lilikuwa likikata fyuzi tu. Sifa njema ya programu ile, kwa hiyo, ilikuwa sifa ya vizuizi, na mtu yeyote aliyelinganisha programu na michoro ya mashine zote mbili angepaswa kuuliza ni nini sasa kinamlinda mgonjwa.

Dhana: Programu haichakai, hivyo ikishajaribiwa inatosha kukagua vifaa.

Ukweli: Ni kweli haichakai, lakini kosa lake huwamo tangu siku ya kwanza. Uchambuzi wa usalama wa Therac-25 uliofanywa na AECL mwaka 1983 uliyaacha makosa ya programu nje kwa hoja za aina hiyo, jambo ambalo naliona zito kuliko kosa lolote la mwandishi wa programu. Sumaku za mashine zilihitaji takriban sekunde 8 kujipanga. Mhudumu mwepesi wa kuchapa aliyesahihisha maelekezo ya tiba kabla ya muda huo kwisha aliona marekebisho yake kwenye skrini, ilhali programu haikuyatambua.

Dhana: Ukubwa wa nafasi ya kuhifadhia namba ni jambo dogo.

Ukweli: Ajali ya Therac-25 huko Yakima, mji wa jimbo la Washington, Marekani, Januari 1987, ilitokana na namba ya baiti moja (nafasi ndogo ya kumbukumbu ya kompyuta) iliyoongezwa moja kila mzunguko wa maandalizi. Baiti moja haivuki 255, hivyo katika kila mizunguko 256 namba ilirudi sifuri, na sifuri iliiambia programu kwamba hakuna haja ya kukagua mkao wa vifaa. Marekebisho yalikuwa kuandika thamani isiyobadilika, isiyo sifuri, badala ya kuongeza.