Kuondoa themostati si tiba ya gari linalochemsha

Wamiliki wengi wa magari ya zamani huamini kwamba katika nchi za joto themostati (vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto ili yaende kupozwa kwenye rejeta) haina kazi, na kwamba gari linalochemsha litapoa kifaa hicho kikiondolewa. Imani hiyo ina chanzo chake: themostati iliyokwama ikiwa imefunga huzuia maji ya injini yasifike kwenye rejeta, hivyo kuing'oa huleta nafuu ya papo hapo. Hata hivyo, injini inayobaki baridi mno hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Tena, katika baadhi ya injini, kifaa hicho kikikosekana maji mengi hurudi kwa njia ya mkato bila kupitia rejeta, na gari likazidi kuchemsha.

Ili kujua kama themostati ni nzima, asubuhi, injini ikiwa baridi, iwashe, kisha uguse mpira wa juu wa rejeta, ukijihadhari na feni: kwa kawaida hukaa baridi kwa dakika kadhaa, halafu hupata moto haraka. Themostati iliyokwisha kutolewa huweza kutumbukizwa katika sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Vali yake huanza kufunguka karibu na kiwango kilichochapwa juu yake, mara nyingi nyuzi 82 au 88 za Selsiasi. Ikifunguka vizuri, kasoro itafutwe kwingine: rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au mfuniko wa rejeta usioshika.